Mahari ya Viti Viwili

Stechford, Birmingham
13 Januari 2019

Kwa Mzee Hillow Abdi, Sparkhill

Assalamu alaykum wa rahmatullah.

Mimi ni Mwanakhamis binti Juma, Mzanzibari, mkaazi wa Stechford. Kwetu barua ya namna hii huandikwa na mwanamme mwenye ndevu na sauti nzito. Kaka yangu ametangulia mbele ya haki, na ndugu wengine wote wako Unguja, kwa hiyo kalamu imeniangukia mimi shangazi. Nivumilie.

Nina kijana wangu, Ahmada, mtoto wa huyo kaka yangu, niliyemlea tangu mdogo. Kazi yake ni kutengeneza meno ya bandia huko Erdington. Meno ya mama yako mzazi, ambayo nasikia siku hizi anatafunia mpaka mifupa, yametoka mikononi mwake. Siku mama alipokwenda kuyajaribu alisindikizwa na mjukuu wake, binti yako Hibo. Tangu siku hiyo kijana wangu hali sawasawa, nami nimechoka kupika chakula kinachorudi jikoni.

Basi tunakuja kwako kwa adabu zote kumposa Hibo kwa Ahmada, kwa ndoa ya halali. Kijana anasali, hana ulevi, hana makuu. Aibu yake naisema mwenyewe kabla hujaambiwa na majirani: huanza mambo mengi, akamaliza machache. Kabati la jikoni kwangu halina milango mpaka leo. Lakini moyo wake ni mzuri, na mimi sisemi hivyo kwa kila mtu.

Barua nimeifunga ndani ya kitambaa cha hariri kama ilivyo desturi yetu. Tunangoja jibu.

Mwanakhamis binti Juma

*

Sparkhill
27 Januari 2019

Kwa Mama Mwanakhamis

Waalaykum salaam.

Barua imefika. Kitambaa pia kimefika. Sisi Wasomali wa Isiolo hatujui mambo ya vitambaa. Nilikitumia kufutia miwani wiki nzima, mpaka mteja wangu mmoja Mzanzibari akaniambia hiyo ni heshima ya posa. Sasa kimefuliwa, kimekunjwa, kiko kabatini. Samahani sana.

Mimi si mtu wa maneno mengi. Nimeuliza habari za kijana msikitini, nimeuliza na madukani. Watu wamesema mazuri. Mama yangu amesema mazuri zaidi, kwa sababu ya yale meno. Halafu nikampigia Hibo huko Glasgow, ambako anapiga picha za mifupa hospitalini. Nikamwuliza kama anamkumbuka kijana. Akasema anamkumbuka. Nikamwuliza mahari, kwa maana mahari ni haki yake yeye, si yangu. Nilitarajia dhahabu.

Anataka gokati. Nikamwambia arudie, akarudia. Ni kigari cha wazi, hakina mlango wala paa, ni fremu ya mabomba ya chuma na injini nyuma, magurudumu makubwa ya kupita kwenye matope na vilima. Kiwe cha viti viwili. Kiundwe nyumbani kwa mikono ya kijana mwenyewe, kwa kufuata michoro, ambayo ameituma na nimeiweka ndani ya bahasha hii. Kiwe tayari kufikia Idi ya kumaliza Ramadhani. Kikiwa tayari na akikiridhia, ndoa. Kisipokuwa tayari, kila mtu ashike njia yake.

Nilikwenda kwa sheikh nikitumaini ataniokoa. Alicheka mpaka machozi, halafu akasema kitu chochote halali chenye faida, mwanamke akikitaka, ni mahari. Kwa hivyo mambo ni hayo.

Sheria ya nyumba yangu: hakuna simu kati yao mpaka ndoa. Barua ni ruhusa, kwa sababu mtu huandika akiwa ametulia. Lakini za kijana na za Hibo zote zitapita kwangu, nitazisoma.

Hillow Abdi

*

Stechford
3 Februari 2019

Bi Hibo,

Salamu kwako. Na kwako Mzee, kwa kuwa unatangulia kusoma.

Nimeifungua ile michoro juu ya meza ya shangazi ikaifunika meza yote, na bado kurasa nyingine zikaangukia sakafuni. Nimeitazama kwa muda mrefu. Mimi kitu kikubwa kabisa nilichowahi kuunda maishani kinaingia mdomoni mwa mtu.

Nakuomba uniambie ukweli. Je, hii ni njia ya upole ya kunikataa? Kama ndiyo, sema tu, sitakasirika. Nitahuzunika, lakini sitakasirika. Na kama si hivyo, naomba kujua kwa nini. Wasichana wengine huomba mkufu.

Kwa heshima,
Ahmada

Imesomwa. Haina makosa. Kijana ana mwandiko mzuri. — H.

*

Glasgow
10 Februari 2019

Ahmada,

Ningetaka kukukataa ningekukataa. Neno "hapana" nalijua, tena kwa lugha nne.

Mkufu ungeununua kwa nusu saa, ukarudi kazini. Shangazi yako ameandika waziwazi kwamba huanza mambo ukayaacha. Ni mwanamke mkweli, nimempenda. Sasa mimi siwezi kuishi na mtu wa kabati lisilo na milango. Nataka kujua kama utakimaliza kitu pale kinapokuwa kigumu, na kinapokuwa kinachosha, ambako ndiko kwenye kazi hasa.

Sababu nyingine ni kwamba nakitaka. Basi. Hapa hospitali wiki nzima natazama mifupa iliyovunjika chumbani kwenye giza. Jumapili nataka kukimbia matopeni nikipiga kelele. Je, hilo ni kosa?

Zingatia breki na mikanda. Sitaki kukupiga picha ya mfupa.

Hibo

Imesomwa. Kupiga kelele si lazima. — H.

*

Stechford
10 Machi 2019

Bi Hibo,

Banda la nyuma ya nyumba limekuwa karakana. Shangazi amehamishia kamba yake ya nguo kwa jirani, na huyo jirani, Kewal, ndiye aliyeniazima mashine ya kuchomelea na kunifundisha kuishika. Mshono wangu wa kwanza ulifanana na uji uliomwagika. Kewal aliutazama, akanitazama, akaenda kunywa chai. Wa kumi na kitu alisema unaweza kubeba ndoo. Juzi akausimamia kwa uzito wake wote, akarukaruka, haukukatika. Nilimkumbatia, maskini, wala hakuwa amejiandaa.

Fremu imesimama. Mabomba ya juu ya kulinda vichwa yamepindwa vizuri. Injini ni ya pikipiki iliyokufa, ila moyo wake bado mzima. Mnyororo nimeukosea mara mbili, ukawa mrefu, halafu ukawa mfupi. Kuna Jumamosi moja nililala chali chini ya fremu, mvua inapenya paa la banda, nikasema basi, yatosha, naacha. Halafu nikakumbuka uliposema ndiko kwenye kazi hasa. Nikainuka, nikaanza upya.

Pia nina msaidizi wa Jumapili. Ni mtu mzima, anajua injini, na ana hasira ya haraka. Hashiki kitu, ananielekeza tu. Sitasema zaidi.

Ahmada

Imesomwa. Habari za huyo msaidizi hazina umuhimu. — H.

*

Stechford
24 Machi 2019

Mwanangu Hibo,

Barua hii haipiti kwa baba yako, nimeitia posta mwenyewe. Haya ni ya wanawake kwa wanawake.

Naona unajiuliza huyo msaidizi ni nani. Ni baba yako! Jumapili ya kwanza alikuja na koti lake la suti, akasema amekuja kukagua, kama mtu wa serikali. Akasimama mlangoni mwa banda mikono nyuma. Ahmada akawa anahangaika na kabureta. Baba yako akaguna. Akaguna tena. Mara nikasikia, "Kijana, toka hapo, mimi nimeendesha lori Isiolo mpaka Moyale, ile ilikuwa barabara ya mawe." Koti likavuliwa. Nililitundika mimi mwenyewe.

Tangu hapo kila Jumapili yupo. Huko nyumbani anaaga kuwa ana mkutano wa wenye maduka ya Stratford Road. Anakula vitumbua vyangu, anagombana na Kewal juu ya oili, anaimba nyimbo za lori. Ahmada amemwapia kuwa hatakutajia, maana mzee anaona aibu: walii wa bibi harusi anamsaidia bwana harusi kulipa mahari, wapi ulishawahi kusikia? Eti "kuelekeza tu". Mikono ni myeusi mpaka viwikoni.

Usimwambie kuwa umejua. Mwache afurahi.

Shangazi yako inshallah,
Mwanakhamis

*

Stechford
14 Aprili 2019

Bi Hibo,

IMEWAKA! Jana baada ya adhuhuri. Ilikohoa, ikatoa moshi, ikangurumia mtaa mzima. Shangazi alipiga vigelegele, mbwa wa Kewal akakimbilia ndani, na mimi nikalia, sioni haya kukwambia.

Bado rangi na mambo madogomadogo. Kiti cha dereva nimekipima kwa miguu yangu mwenyewe, nacho kimenikaa kama slipa za nyumbani. Pedeli za mafuta na breki nimezichomelea kabisa zisiteteme. Kiti chako kiko kushoto. Nimekitia mto mzuri, mkanda wa mabegani, na bomba dogo mbele, pa kushika ukiogopa. Utastarehe, utaona.

Idi bado, na mimi nimekaribia kumaliza! Mwambie mtu yeyote anayenijua, hataamini.

Ahmada

Imesomwa. Kiti cha kushoto nimekikalia mwenyewe. Ni salama kwa binti yangu. — H.

*

Glasgow
18 Aprili 2019

Ahmada. Na wewe Baba, kwa kuwa unasoma, hii ni yako pia.

Nina swali moja. Mahari ni ya nani?

Kama ni yangu, kwa nini kiti cha dereva kimepimwa kwa miguu yako? Umenipa mto. Umenipa pa kushika nikiogopa. Nani amekwambia naogopa? Nina leseni. Huku naendesha kwenye barafu kwenda kazini alfajiri.

Baba, kwenye lori lako ndugu zangu walikaa mapajani mwako wakashika usukani. Mimi nilipewa dumu la maji nilishike lisimwagike. Nikalishika vizuri, safari zote. Mpaka leo kwenye gari la kaka mimi ni wa kukaa nyuma. Sijawahi kusema neno, kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Safari hii niliulizwa. Niliambiwa, Hibo, taja haki yako. Nikaitaja. Na nyinyi wanaume wawili mmekaa bandani miezi mitatu, hakuna hata mmoja aliyefikiri kuwa mwenye gari ndiye ataendesha.

Nilisema viti viwili kwa sababu nilitaka mtu wa kukaa pembeni yangu. Nilidhani mtu huyo ni wewe, Ahmada.

Naona uchungu, tena sana. Siku ya Idi iko palepale. Ikiwa kiti cha dereva si changu, nakushukuru kwa kazi yako, na utafute mwingine wa kukaa kwenye mto.

Hibo

Nimesoma mara mbili. Naileta kwa mkono, sitangoja Jumapili. — H.

*

Stechford
21 Aprili 2019

Hibo,

Umesema kweli yote. Nilikuwa nikifanya kazi ile na kukuwaza kila siku, na bado nilikuwa najiundia mimi. Nimeona haya. Nisamehe.

Tumekata. Pedeli zote mbili, reli za kiti, na kipande cha fremu ya mbele. Nilidhani kukata kutaniuma baada ya kazi ile, lakini kilichoniuma ni barua yako. Aliyeshika msumeno si mimi. Alikuja na barua mkononi, akanipa, akangoja nimalize kusoma, akavua koti, akawasha msumeno. Ameniomba nisimtaje jina.

Sasa nina shida. Siwezi kuchomelea pedeli mahali pake bila kujua urefu wa… Nahitaji kujua ukiwa umeketi, kutoka mgongoni mpaka… Nimeiandika sentensi hii na kuifuta asubuhi yote, na kila nikiiandika namwona baba yako akiisoma.

Ahmada

Imesomwa. Kipimo hicho hakitapita mikononi mwangu. Waulizwe wanawake. — H.

*

Stechford
22 Aprili 2019

Mwanangu Hibo,

Wanaume wameshindwa, mzigo umekuja kwangu. Usijali, mimi nimewashonea maharusi wa Malindi na Mkunazini, kwetu Unguja, bila ya kuwaona. Mtu hukuletea utepe wenye mafundo, nguo ikatoka sawasawa.

Kaa sakafuni, mgongo ugusane na ukuta. Nyoosha miguu. Mwambie mwenzio apitishe utepe kutoka ukutani mpaka unyayoni, afunge fundo. Halafu kunja magoti kidogo, kama unayekanyaga cherehani, afunge fundo la pili. Fundo la pili ndilo la pedeli. Mkono nao hivyohivyo kwa usukani. Utepe uje kwangu, nami nitawapa bila kusema neno, na wao wataupokea bila kuinua macho. Nitahakikisha.

Sasa nikuulize, na unijibu mimi peke yangu. Ukikipata kiti chako, kijana wangu bado unamtaka? Mwenzio anachomelea usiku na mchana wala hajui anamchomelea nani. Mimi ndiye ninayemtazama akila.

Mwanakhamis

*

Glasgow
28 Aprili 2019

Shangazi,

Utepe huu hapa. Mwenzangu wa kazini alinipima sakafuni kwenye chumba cha picha, tukacheka mpaka daktari akaja kuchungulia.

Swali lako nitalijibu nikishakikalia kiti. Nisamehe. Maneno ya barua ni matamu, na mimi sitaki kusema ndiyo kwa sababu ya barua.

Hibo

*

Stechford
26 Mei 2019

Hibo,

Mfungo umeniandama mbele ya moto wa kuchomelea na koo limekauka kama sandarusi, lakini kazi imekwisha. Kiti changu kiko kushoto.

Ahmada

Ni kweli. Imekwisha. — H.

*

Glasgow
11 Juni 2019

Baba mpendwa,

Nimefika salama. Nywele nimeziosha mara tatu na tope bado linatoka.

Ninaandika kwa sababu ya jambo lililotokea Jumapili kule shambani kwa rafiki mmoja wa Kewal, na sitaki libaki vile lilivyo. Nakusimulia kama nilivyoliona mimi, kwa kuwa nadhani wewe hukuliona hivyo.

Nilipokikalia kile kiti, Baba, miguu yangu ilifika. Sikulazimika kujisogeza, wala kuweka mto mgongoni. Nilikanyaga breki, ikawa hapo. Nikashika usukani, ukawa hapo. Katika maisha yangu hakuna mtu aliyewahi kuniundia kitu cha kipimo changu. Ilibidi nijifanye ninakaza mkanda ili msinione machozi, na mvua ilinisaidia.

Ahmada akapanda pembeni yangu. Alikuwa mweupe kama unga. Nikamwuliza, "Uko tayari?" Akasema, "Hapana." Nikamwuliza, "Nishuke?" Akasema, "Usithubutu." Nikaondoka. Mzunguko wa kwanza alisoma dua kwa sauti. Wa pili alicheka. Wa tatu, pale kwenye kilima, tulipaa sote wawili, magurudumu yote hewani, na nikamsikia akipiga kelele, "Tena! Tena!" Hakunyoosha mkono kugusa usukani hata mara moja. Hakunifundisha kupiga kona. Nilipokosa kuliona shimo tukazama, alishuka, akasukuma, akajaa matope kuanzia kichwani, akarudi kwenye kiti chake. Nilikuwa namtazama, Baba, kuliko nilivyokuwa natazama njia. Ndiyo maana sikuliona shimo.

Halafu ukapanda wewe. Ulisema ni kukagua tu. Nimekuendesha mizunguko saba.

Tuliposimama, ukashuka, ukaniuliza mbele ya sheikh na shangazi na watu wote waliokuwa chini ya miavuli: "Hibo, umeridhia?" Nami nikanyamaza. Ukamgeukia sheikh ukasema kimya cha mwanamwali ndiyo ridhaa yake, sheikh akaitikia, shangazi akapiga vigelegele, na Kewal ambaye hakuelewa hata neno akapiga honi ya gari lake. Watu wakaanza kukumbatiana. Nikaja kuondoka na treni ya jioni bila kusema kitu.

Baba, mimi sikunyamaza kwa haya. Nilikuwa na tope mdomoni. Lilikuwa bonge zima, lilirushwa na gurudumu la mbele tulipopita dimbwi la mwisho, na nilikuwa natafuta mahali pa kulitema pasipo na sheikh; nilipolitema, kwa vigelegele na honi hakuna ambaye angenisikia tena.

Sitaki kuolewa kwa kimya. Sitaki siku moja mtu aseme kwamba nilinyamaza, mkaelewa. Shangazi aliniuliza kwa barua nikamwambia sitajibu kwa barua, lakini tope limenikosesha nafasi, kwa hiyo nakujibu wewe hapa, na umpelekee barua hii aisome, na Ahmada pia aisome, na ukitaka ibandike kwenye mlango wa duka lako Stratford Road.

Mahari yangu nimeipokea, nimeiridhia. Ahmada namtaka. Nasema kwa ulimi wangu na kwa mkono wangu, hakuna aliyenilazimisha: nimekubali. Nina likizo kuanzia Ijumaa.

Nioze, Baba.

Binti yako,
Hibo